Kondo, Paka na Mjukuu: Niliyoyaona Kwenye Nyumba za Wazee Florida

Hotuba hii niliitoa Orlando, mbele ya Waswahili wenzangu tuliokusanyika kwa chakula cha jioni. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa pale nilipokohoa.

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni kwa wote. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba kabla hamjaniamkia, maana najua mmeshasahau.

Nimeombwa niseme nusu saa juu ya maisha ya kondo, yaani fleti ya kununua, kama wanavyoiita huku. Neno lenyewe linanichekesha. Mimi ni mkunga, nimeanzia Tanga nikamalizia huku, na kwangu kondo ni lile la nyuma, linalofuata baada ya mtoto. Bibi yangu naye, akitaja kondo, alikuwa anasema vita. Sasa nina mwaka wa nane ndani ya kondo ya wazee hapa Florida, na bibi, Mungu amrehemu, hakukosea sana.

Najua kwa nini mmeniita. Kuna familia humu zinawatafutia wazazi nyumba, na kuna sisi wenyewe ambao magoti yameanza kutoa sauti. Tumechoka kukata nyasi na kupanda ngazi. Tunaona picha za bwawa la kuogelea na mitende, bei si mbaya, tunatia saini. Mimi na marehemu mume wangu tulitia saini siku ya Alhamisi, na karatasi tukaanza kuzisoma Jumapili. Leo nataka kuwaambia yaliyokuwemo kwenye zile karatasi.

Ukinunua nyumba ya kawaida unapata kiwanja, kuta, paa, na mwembe kama upo. Ukinunua kondo unapata nafasi iliyo katikati ya kuta. Paa, lifti, ngazi, mabomba makuu, nyasi, kile kijia cha kutokea mlangoni pako, vyote ni vya wote kwa hisa. Na siku unapokabidhiwa ufunguo unakuwa mwanachama wa chama cha wamiliki, upende usipende. Chama hicho hakina kujitoa. Unatoka kwa kuuza au kwa jeneza. Kina bodi inayochaguliwa, kina ada ya kila mwezi, na kina kanuni.

Karatasi zenyewe ni za aina tatu, na vyeo vyake havilingani. Juu kabisa kuna waraka mkuu wa jengo, ule uliosajiliwa kaunti. Chini yake katiba ya chama. Chini yake kanuni za kila siku. Waraka mkuu haubadilishwi bila kura za wamiliki wenyewe, na huwa wanatakiwa wawe wengi kwelikweli. Kanuni za chini, mara nyingi bodi inakaa kikao kimoja inazigeuza. Hapa Florida, kama kikao kitagusa namna mtu anavyotumia nyumba yake, lazima wakupe taarifa siku 14 kabla. Ndiyo ile karatasi mnayoitupa pamoja na matangazo ya pizza.

Kwa hiyo dalali akikwambia "hapa paka wanaruhusiwa, mama", usimshukuru bado. Muulize imeandikwa karatasi ipi. Ruhusa iliyo kwenye waraka mkuu ina mizizi. Ruhusa iliyo kwenye kanuni ni ya mpaka kikao kijacho. Ukinunua kwa mjenzi mwenyewe, sheria ya Florida inakupa siku 15 za kubadili nia. Ukinunua kwa mwenye nyumba siku ni chache zaidi. Zitumie kusoma. Mapazia yatasubiri.

Na anayedhani haya ni ya Wamarekani tu, akumbuke kwamba Tanzania tuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo tangu 2008, na wenzetu Kenya walitunga mpya mwaka 2020. Wale mnaonunua fleti Upanga na Kilimani kwa picha za simu, haya yanawahusu.

Sasa tuje kwenye umri, maana ndipo nilipopigwa kofi la kwanza.

Watu wengi huniuliza, nchi hii inayokataza ubaguzi kila mahali, inakuwaje jengo likatae watoto? Sheria ya makazi ya haki ilitiwa saini Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Mwanzoni ilizungumzia rangi, dini na asili. Mwaka 1988 Bunge likaongeza watu wenye ulemavu na familia zenye watoto, ila likaacha mlango kwa nyumba za wazee. Ama wakazi wote wawe na miaka 62 na zaidi, ama katika kila nyumba 100 zinazokaliwa, zisizopungua 80 ziwe na mtu mmoja angalau mwenye miaka 55. Mwaka 1995 mlango ukapanuliwa. Zamani jengo lilitakiwa lionyeshe huduma maalumu za wazee. Sasa inatosha litangaze nia yake, liifuate, na lihakiki umri wa wakazi. Uhakiki huo unarudiwa kila miaka miwili, kwa hiyo ofisi ikikuomba tena kitambulisho usione wanakudharau. Wakiacha kuhesabu wanaweza kupoteza haki ya kuitwa nyumba za wazee.

Hapa wanandoa wasikilize vizuri. Bwana ana miaka 63, bibi ana 49. Wanahamia salama kwa sababu ya umri wa bwana. Bwana akifariki, nyumba ile inaangukia kwenye zile 20 zilizobaki. Sheria ya nchi haimtoi mjane. Waraka wa jengo lakini unaweza kuwa na neno lake: kuna unaomwachia akae maisha yake yote, na kuna unaombana. Nimeona mama mmoja anasoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza akiwa bado yuko eda. Kisomeni mkiwa wawili.

Kofi langu lilikuwa la mjukuu. Kwetu kanuni inasema mgeni aliye chini ya miaka 18 halali zaidi ya siku 30 kwa mwaka. Mtoto wangu ana zamu za usiku, shule zikafungwa, kijana wa miaka tisa akaja kwa bibi yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa kifagio cha roshani na tukaendelea na maisha. Siku ya 41 nikakuta bahasha chini ya mlango: faini, dola 100 kwa kila siku iliyozidi. Hesabu ikaja dola 1,100.

Nilitoa kitabu cha hundi. Nikasema mimi ni mgeni katika nchi ya watu, nitalipa yaishe. Usiku usingizi ukakataa nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba Florida chama hakiwezi kukutoza faini hivihivi. Lazima upewe taarifa ya siku 14 na nafasi ya kusikilizwa na kamati ya wamiliki wenzako, watu ambao hawamo kwenye bodi wala hawaishi nyumba moja na walio kwenye bodi. Faini haizidi dola 100 kwa kosa moja, na kosa linaloendelea lina ukomo wa dola 1,000 kwa jumla. Kwangu hakuna aliyenisikiliza, na jumla ilikuwa imeshapita.

Nikaomba kusikilizwa. Nikavaa gauni la kitenge, nikaenda. Nikawaambia ukweli: kosa nimefanya, kanuni nilikuwa sijaisoma, mtoto ameshaondoka. Kisha nikawasomea kifungu chao wenyewe. Kamati ile ya wazee watatu, mmoja wao akiwa na mashine ya kusikia inayopiga mluzi, ikaikataa faini. Mwaka uliofuata wakanichagua niingie kamati ya kanuni. Sijui kama ilikuwa heshima au adhabu.

Na huko kwenye kamati ndiko nilikojua kwamba hakuna jambo linalojaza ukumbi kama wanyama. Bajeti ya paa walikuja watu 11. Ajenda ya mbwa, viti viliisha.

Sisi wa pwani tuna mambo yetu na mbwa. Paka analala kitandani, anakula mkononi, anapita mbele ya anayeswali na hakuna neno. Lamu na Mji Mkongwe paka ni raia. Mbwa anakaa nje, na mate yake yakikugusa una kazi: kwa madhehebu tuliyolelewa wengi wetu, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Basi tumehamia nchi ambayo mbwa ana sweta.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, mume wangu amevaa kanzu nyeupe ya kuendea msikitini, tumeingia kwenye lifti. Ghorofa ya tatu mlango ukafunguka, akaingia mzee mmoja Mzungu, dereva wa malori mstaafu, na kijibwa cheupe kama pamba. Kabla mlango haujafungwa kijibwa kikapandisha miguu ya mbele, kikalamba kanzu kuanzia goti kushuka. Mzee wa watu anatabasamu: "Amekupenda!" Mume wangu akabonyeza kitufe cha kurudi juu. Hakusema neno. Nikabaki mimi na yule mzee, namweleza habari ya sala, ya mate, ya udongo. Uso ukamshuka. Akaniuliza, "Udongo mnatoa wapi ghorofa ya tano?" Nikamwambia kwenye chungu cha mrehani.

Tangu siku hiyo akawa anasimama nje ya lifti anauliza kwanza. Nilipoingia kamati nikapendekeza tuandike hivyohivyo: aliyetangulia ndani ya lifti ndiye mwenye haki, na mwenye mnyama anauliza kabla ya kuingia. Sikutaja dini. Nilitaja mzio, woga, na watu wanaotembea na kigongo. Kanuni ikapita bila kura ya kupinga. Nawaambia hili kwa sababu ndugu zetu wengine wananunua wakidhani wataomba mbwa wapigwe marufuku kwa ajili ya udhu. Msitegemee hilo. Ombeni utaratibu wa lifti na kona, hilo linawezekana.

Kanuni zenyewe za wanyama, jengo kwa jengo, zinafanana. Idadi, mara nyingi wawili kwa nyumba. Kuandikishwa ofisini pamoja na cheti cha chanjo. Kamba isiyozidi kama mita 2. Kuokota kinyesi. Kutomwacha peke yake roshani. Na uzito, kwetu pauni 25, kilo 11 na ushee.

Uzito huo ndio unaonitia hasira. Ofisini kuna mizani ya bafuni. Mwenye mbwa anapanda peke yake, karani anaandika. Anashuka, anambeba mbwa, anapanda tena, karani anatoa. Nimemwona mzee wa miaka 82 amesimama pale na soksi, mbwa kifuani, mikono inatetemeka, karani anamwambia "usicheze, baba, namba inaruka". Mbwa akazidi pauni mbili. Akapewa siku 30 apungue. Mzee akawa anaombwa na kila mtu asimpe mbwa biskuti, na sote tunajua biskuti zile ndizo mazungumzo yake ya mchana.

Na uzito haupimi kinachotukera. Kuna mbwa mkubwa wa mbio mtaani kwetu, mwembamba kama punda wa Lamu mwezi wa kaskazi, analala saa 18 kwa siku na hujawahi kumsikia. Na kuna kijibwa cha pauni sita, kikisikia lifti saa nane za usiku, ghorofa nzima inaamka kusali tahajjud bila kupenda. Wanatumia uzito kwa sababu mizani ipo. Kipimo cha kelele hakipo, na ushahidi wa kelele ni jirani kumshtaki jirani, jambo ambalo bodi zinaliogopa kuliko kimbunga. Niliishauri kamati tufute uzito tuandike kelele na uchafu. Nikashindwa, kura nne kwa mbili. Bado naamini nilikuwa na haki.

Kinyesi sina la kubishana. Mimi ni mtu wa hospitali. Minyoo ya safura ya mbwa inaishi kwenye mchanga wenye unyevu na joto, na Florida ina vyote viwili kama kwetu. Ukipita peku inaingia kwenye ngozi na kuchora mistari myekundu inayowasha. Okoteni.

Kamba nayo ina sababu yake, na sababu hiyo ina meno. Nyuma ya majengo yetu kuna mabwawa yaliyochimbwa ya kupokea maji ya mvua, maji yametulia, nyasi zimekatwa vizuri, unaona kama picha. Humo mna mamba wa huku. Si wakali kama wale wa Rufiji, lakini kijibwa kinachokunywa maji ukingoni ni mlo. Kuwalisha ni kosa kisheria Florida, kwa sababu mamba aliyezoea mkono wa mtu haogopi tena mtu. Tulikuwa na bibi akiwatupia maganda ya mkate bata. Bata hawakuwa peke yao waliokuwa wanasikiliza.

Kosa langu la pili lilikuwa la namna hiyohiyo. Nilikuwa nawawekea paka wa nje vichwa vya samaki nyuma ya ngazi, kila jioni baada ya magharibi. Sadaka, kama mama yangu alivyofanya. Barua ikaja. Safari hii nilisoma kwanza, na nikakuta wana haki. Chakula kile hakiliwi na paka tu. Usiku wanakuja rakuni, wanyama wenye uso kama wamevaa barakoa, na hapa Florida rakuni ndiye mbebaji mkubwa wa kichaa cha mbwa. Ndiyo maana sheria ya jimbo inataka kila mbwa, paka na ferreti (kinyama cha kufuga chembamba kama nguchiro) aliyefikisha miezi minne achanjwe. Paka mmoja katika wale nikampandisha juu kihalali, nikamchanja, nikamwandikisha. Anaitwa Karafuu, kwa rangi yake.

Mtu akiuliza, hivi kweli chama kinaweza kunikataza paka ndani ya nyumba niliyoinunua kwa fedha zangu? Kinaweza. Kuna kesi mashuhuri ya California. Mama aitwaye Natore Nahrstedt alikuwa na kondo Culver City, kwenye jengo la nyumba 530, na paka watatu: Boo Boo, Dockers na Tulip. Waraka mkuu ulikataza paka na mbwa. Akatozwa faini, akaenda mahakamani akisema paka wake hawatoki nje wala hawamsumbui mtu. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya California ikasema kikatazo kilichosajiliwa kwenye waraka mkuu kinasimama; hakipimwi kwa paka wa mtu mmoja, kinapimwa kwa jengo zima. Jaji mmoja, Armand Arabian, aliandika maneno makali ya kupinga, lakini alikuwa peke yake. Baadaye Bunge la California likatunga sheria ya kumruhusu mwenye kondo mnyama mmoja angalau. Florida kwetu hatuna sheria kama hiyo.

Na angalieni dunia ilivyo. Tangu 1983 sheria ya nchi inasema nyumba za kupanga za wazee zinazosaidiwa na serikali haziwezi kumkataza mpangaji kufuga. Bibi anayelipiwa nusu ya kodi ana haki ya paka. Mimi niliyelipa taslimu naomba ruhusa.

Kuna mlango mwingine, na huu nataka mnisikilize kwa makini maana ndugu zetu wanautumia vibaya. Sheria ile ya 1988 inasema mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba kanuni ilegezwe ili aishi kama wengine. Mnyama anayemsaidia mtu huyo hahesabiwi mnyama wa kufuga. Kikomo cha uzito hakimhusu, ada ya wanyama haimhusu, hata jengo lisiloruhusu mnyama yeyote linatakiwa kufikiria ombi lake. Kama ulemavu hauonekani kwa macho, chama kinaweza kuomba uthibitisho kutoka kwa mtu wa afya anayekujua. Jalada lako lote la hospitali hakiwezi kulidai.

Pale kwetu kuna askari mstaafu wa Vietnam mwenye mbwa wa kilo 35. Watu walinung'unika sana. Siku moja mke wake akanieleza, tukiwa tunasubiri mashine za kufulia: usiku mzee anaanza kupiga kelele usingizini, mbwa anamwekea kichwa kifuani mpaka anaamka, kisha wanakaa wote jikoni mpaka kunakucha. Tangu siku hiyo mtu akinung'unika mbele yangu ninahama kiti.

Sasa yupo wa kwetu, simtaji, amenunua barua kwenye mtandao, ya daktari asiyemjua, ili aingie na mbwa wa binti yake anayesoma chuo. Ndugu yangu, tangu 2020 hilo Florida ni kosa la jinai. Linaweza kukufikisha jela mpaka siku 60, na lazima ufanye saa 30 za kujitolea kwenye shirika linalohudumia watu wenye ulemavu au lingine ambalo mahakama itaona linafaa. Kama huna uraia bado, rekodi ya jinai unaijua uzito wake. Na kila barua ya uongo inamfanya yule askari aulizwe maswali mawili zaidi.

Niseme na hili kwa haraka, la kitaalamu. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kiliwahi kuhesabu, kwa miaka ya 2001 mpaka 2006, kwamba mbwa na paka walihusika na majeruhi zaidi ya 86,000 wa kuanguka kila mwaka, na mifupa ilivunjika zaidi kwa wazee. Mkimtafutia mama mbwa wa kumfariji, mtafutieni aliyekwisha kukua, asiyezunguka miguuni. Kengele shingoni husaidia, na kwa paka pia.

Nimalizie na kifungu nilichokiandika mwenyewe, na ndicho kinachoninyima raha.

Miaka mitatu iliyopita wamiliki walipiga kura jengo lisiwe na wanyama wapya kabisa. Kikao kilikuwa kirefu, watu walilia. Sisi kwenye kamati tukatafuta njia ya katikati, na mimi ndiye niliyeandika maneno: mnyama aliyekwisha kuandikishwa atabaki mpaka mwisho wa uhai wake, ila akifa haletwi mwingine badala yake. Wakati ule ilionekana huruma. Sasa naona ilivyo. Kila msimu mlango mmoja unanyamaza. Yule mzee wa biskuti, mbwa wake alikufa Februari. Aliacha bakuli la maji pale pale kwenye kona ya jiko, na nikienda kumpima presha nalikuta limejazwa. Karafuu wangu daktari anamkadiria miaka 14. Napiga hesabu zake na zangu, na sijui nimwombee nani atangulie.

Kwa hiyo kwenye fomu ya kuandikisha tumeongeza mstari: mwenye mnyama akilazwa au akifa, nani atamchukua? Anayeandikwa lazima atie saini mwenyewe. Na mwenye uwezo anaweza kuacha fungu la fedha kisheria kwa matunzo ya mnyama. Florida inaruhusu, muulizeni wakili. Watoto wetu wanasema "tutaona, mama". Msikubali "tutaona". Nimeshuhudia jeneza linatoka kwa lifti ya nyuma, na paka ameketi mlangoni, na watoto wanne wa marehemu wanatazamana.

Mstari wangu ulikaa wazi karibu miaka miwili. Mwanangu ana mzio wa manyoya. Aliyeujaza ni yule mzee wa kijibwa cheupe. Tulikutana kwenye visanduku vya barua, nikamweleza, akaniomba kalamu, akaiegemeza fomu yangu ukutani akaandika jina lake hapohapo. Kisha akatoa fomu yake mfukoni, imekunjwa mara nne, mstari wake nao mtupu.

Nikamwambia kweli. Nikamwambia ufunguo wako ninao, chakula nitampa, maji nitampa, mwanao nitampigia simu usiku wa manane. Ila kuishi na mbwa ndani kwangu siwezi, mrehani wenyewe utakwisha udongo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Tukapanda wote mpaka ghorofa ya pili, kwa askari na mbwa wake mkubwa, akasaini yeye.

Haya, nimezidisha dakika. Maswali sasa. Na yule aliyeniuliza pale mlangoni kama mbuzi wa Idi akilala roshani usiku mmoja anahesabika mnyama wa kufuga au mgeni aliye chini ya miaka 18, aanze yeye.